Hitilafu Isiyo Kosa: Kazi ya Mtafiti wa Vioo Vinavyofuata Jua

Kioo kinachotumwa kulipeleka jua mahali fulani hakilitazami jua. Wala hakiutazami mnara kinaoupelekea mwanga. Kinatazama mahali pasipo na kitu chochote, katikati kabisa ya pembe iliyopo baina ya jua na mnara, kwa sababu kanuni ya kuakisi, ambayo hufundishwa katika masomo ya mwanzo kabisa ya fizikia, husema kuwa mwali huondoka kiooni kwa pembe ileile uliyojia. Mtafiti wa uhandisi aliyeichagua kazi hii huishi na mahali hapo patupu. Kutwa nzima hulazimika kupakokotoa upya, maana jua husogea angani nyuzi 15 kwa saa, yaani hupita upana wake lenyewe kila baada ya dakika 2 na ushei, ilhali mnara umesimama palepale. Matokeo yake ni kwamba kioo hugeuka, kwa wastani, kwa karibu nusu ya kasi ya jua. Si nusu kamili, wala mwendo huo si mmoja tangu asubuhi hadi jioni; na katika uwanja wenye maelfu ya vioo hakuna viwili vyenye mwendo mmoja, kwa kuwa kila kimoja kinauona mnara kutoka mahali pake pa peke yake.

Chombo hiki huitwa heliostati, jina lenye asili ya Kigiriki linalodokeza kulisimamisha jua. Jina limetokana na athari yake: mtu aliye upande wa pili wa mwali huona kana kwamba jua limetulia mahali pamoja. Wako wanaokifananisha na alizeti, na mfano huo una kasoro mbili. Ua la alizeti likishakomaa huacha kulifuata jua na kubaki limeelekea mashariki. Na hata mche wake mchanga, ambao kweli hulifuata, hulitazama jua lenyewe. Heliostati haifanyi hivyo hata mara moja kwa siku, isipokuwa pale jua na mnara vinapotokea kuwa upande mmoja kwa mtazamo wa kioo husika.

Ugumu wa kazi unatokana na jambo ambalo ni rahisi kulieleza na zito kulimudu. Kioo kikichepuka kwa pembe fulani, mwali wake huchepuka kwa pembe hiyo mara mbili. Tuseme kioo kimepinda kwa sehemu moja ya elfu ya radiani, kiasi ambacho kwa kipimo cha kawaida ni unene wa milimita 1 ukitazamwa kutoka umbali wa mita 1. Mwali utachepuka kwa sehemu mbili za elfu, na mnara ukiwa mita 500 kutoka hapo, doa la mwanga litaangukia mita 1 kando ya mahali lilipotarajiwa. Doa lenyewe, hata kioo kingekuwa bapa na kikamilifu, lina upana usiopungua mita 4 na nusu katika umbali huo, kwa kuwa jua si nukta bali ni duara lenye upana wa zaidi kidogo ya nusu nyuzi. Kipokezi kilichoko juu ya mnara, mahali joto linapokusanywa, hakiwezi kujengwa kikubwa bila kikomo, kwani kadiri kinavyokuwa kikubwa ndivyo kinavyolirudisha joto hewani. Hivyo basi mtafiti amebanwa huku na huku: anatakiwa kulenga shabaha ndogo kwa doa kubwa, kutoka mbali, kwa kutumia chuma kinachotanuka kwa joto, zege linalozama ardhini, na gia ambazo kila jino lake lina ulegevu kidogo.

Historia ya chombo hiki ni ndefu kuliko inavyodhaniwa. Mwanafizikia Mholanzi Willem 's Gravesande, aliyefundisha Leiden katika karne ya 18, alikieleza kioo kilichoendeshwa na saa ili kuuleta mwali wa jua, ukiwa umetulia, ndani ya chumba cha majaribio. Karne ya 19 iliongeza ufundi wa saa na mihimili, na shabaha ilibaki kuwa ileile, yaani mwanga kwa ajili ya uchunguzi. Kuutaka mwali kwa ajili ya joto, na kwa wingi, ni jambo la karne ya 20. Nchini Ufaransa Félix Trombe na wenzake walianza Mont-Louis mwaka 1949, kisha wakajenga Odeillo, katika milima ya Pyrenees, tanuri lenye heliostati 63 zilizopangwa kwa matuta mlimani, ambalo joto lake hupita nyuzi 3,000 za Selsiasi. Huko Italia Giovanni Francia aliusimamisha mtambo wake wa kwanza wa aina ya mnara huko Sant'Ilario, karibu na Genova, mwaka 1965, vioo vyake vikiwa vimeunganishwa kimitambo ili vitii mwendo mmoja. Mwaka 1982 huko Daggett, katika jangwa la California, mtambo wa Solar One ulianza kazi ukiwa na heliostati 1,818, na hapo kompyuta ndiyo iliyotawala. Ivanpah, katika jangwa lilelile la Mojave, ilifunguliwa mwaka 2014 ikiwa na heliostati takriban 173,500 na minara mitatu. Kutoka 63 hadi 173,500 si ongezeko la idadi tu. Mafundi wachache wenye macho mazuri wanaweza kuzilea heliostati 63. Hizi nyingine hakuna binadamu awezaye kuzijua moja moja.

Swali la kwanza la mtafiti, kwa hiyo, ni hili: kioo kitajuaje jua liko wapi? Jibu la zamani ni hesabu. Mahali pa jua hutegemea siku ya mwaka, wakati wa siku, latitudo na longitudo, na kanuni za ukokotoaji zimekuwa zikinolewa mwaka hadi mwaka. Kituo cha utafiti cha Almería, kusini mwa Hispania, kilitoa kanuni zake mwaka 2001, nyepesi kiasi cha kubebwa na kompyuta ndogo. Muda mfupi baadaye maabara ya taifa ya nishati jadidifu ya Marekani ilitoa nyingine ambazo hulipata jua kwa usahihi wa sehemu tatu za elfu kumi za nyuzi, kwa miaka 8,000, tangu mwaka 2000 kabla ya Kristo hadi mwaka 6000. Hakuna kioo duniani kinachohitaji usahihi wa namna hiyo. Yaani, upande wa mbingu hauna tena siri.

Hapa msemaji wa Kiswahili ana jambo la kutafakari ambalo wengine hawana. Saa za Kiswahili zinahesabiwa tangu jua lichomozapo, na saa sita mchana, kwa fahamu za kawaida, ni wakati wa jua la utosini. Lakini saa ya ukutani haikubaliani na jua. Wakati rasmi wa Afrika Mashariki umefungwa kwenye longitudo ya nyuzi 45 mashariki, mstari ambao haupiti hata katika ardhi ya Tanzania. Dar es Salaam iko karibu na nyuzi 39 na robo, na kila nyuzi moja ni dakika 4 za jua. Kwa hiyo jua la Dar es Salaam hufika kilele chake, kwa wastani wa mwaka, saa 6 na dakika 23. Kigoma, iliyo karibu na nyuzi 29 na nusu, hulisubiri hadi saa 7 na dakika moja au mbili. Hata wastani huo nao hubadilika, kwa sababu dunia haizunguki jua kwa kasi moja na mhimili wake umeinama: mwanzoni mwa Novemba jua huitangulia saa kwa takriban dakika 16, na katikati ya Februari huchelewa kwa takriban dakika 14. Basi mkazi wa Dar es Salaam anayeiamini saa yake huona kilele cha jua kikihama kutoka kama saa 6 na dakika 7 hadi saa 6 na dakika 37 bila yeye kutambua. Kwa mpishi au mkulima hilo si neno. Kwa heliostati, saa iliyochelewa kwa dakika moja tu ni doa la mwanga lililokwenda kando mita 2 na zaidi kwenye mnara ulio mita 500.

Jua la utosini lenyewe lina matata yake, nayo ni matata ya nchi za tropiki hasa. Vifuata-jua vingi vina mihimili miwili: mmoja wa kugeuka upande hadi upande kama mtu anayegeuza shingo, mwingine wa kuinua na kushusha. Katika siku za mwanzo wa Machi, na tena karibu na tarehe 10 Oktoba, jua hupita juu kabisa ya Dar es Salaam. Asubuhi yote limekuwa mashariki. Dakika chache baada ya kilele liko magharibi. Sinia linalolitazama jua moja kwa moja hutakiwa ligeuke nusu duara ndani ya dakika hizo, na mota iliyozoea kutambaa kama kinyonga haiwezi. Mtafiti wa Almería au wa California hukutana na tatizo hili vitabuni zaidi, kwani kwake jua halifiki utosini kamwe. Inastahili kusisitizwa kwamba vifaa vingi vinavyoletwa Afrika Mashariki vimebuniwa chini ya mbingu za aina hiyo, ambako jua hukaa upande mmoja wa anga mwaka mzima, wakati Dar es Salaam jua la mchana huwa kaskazini kwa zaidi ya miezi saba na kusini kwa miezi iliyobaki.

Jibu la pili kwa swali la mtafiti ni jicho. Mahali pa kukokotoa, kifaa huwekewa vihisio vinne vya mwanga vilivyotenganishwa na ubao wa kivuli. Kihisio kimoja kikipata mwanga zaidi ya mwenziwe, mota hugeuza hadi vilingane. Mradi huu hupendwa na wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa uhandisi, na si ajabu, maana unafanya kazi mezani mchana uleule ulipoungwa. Lakini jicho la namna hiyo ni mjinga kwa njia yake. Wingu likipita, huvutwa na ukingo wa wingu unaong'aa, nalo huondoka kufuata mwanga usio jua. Wingu likiondoka hujikuta limepotea. Isitoshe, heliostati ina dhiki zaidi: kwa kuwa inapaswa kutazama mahali patupu, jicho lililofungwa juu yake halina cha kutazama. Kwa sababu hizo watafiti wengi wamerudi kwenye hesabu, ila wamerudi wakiwa na adabu mpya.

Adabu hiyo ni ubao mweupe. Chini kidogo ya kipokezi, mnarani, hubandikwa ubao mkubwa uliopakwa rangi nyeupe. Heliostati moja huamriwa ikiache kipokezi na kuupiga ubao huo; kamera hupiga picha; kompyuta hutafuta kitovu cha doa la mwanga na kupima umbali wake kutoka kitovu cha ubao. Hesabu ilisema doa liwe hapa, macho yanaliona pale. Pengo baina ya hapa na pale huandikwa, pamoja na saa na siku. Zoezi hurudiwa asubuhi, mchana na jioni, na baada ya vipimo kadhaa pengo huanza kusema limetoka wapi: nguzo imeinama upande wa kaskazini, mhimili mmoja haukukaa kwa pembe mraba na mwenziwe, sifuri ya mota ilianzia pasipo. Hakuna anayepanda kwenda kuinyosha nguzo. Kuinama kwake huingizwa katika hesabu, na tangu siku hiyo kioo hulenga sawasawa kwa kuujua upogo wake.

Hapo ndipo idadi inapomwelemea mtafiti. Kwa uwanja wenye heliostati 173,500, kama kila moja ingepewa dakika moja tu ya ubao mweupe, kwa saa 8 kila siku, kazi ya kuzipima mara moja moja ingechukua karibu mwaka mzima. Zoezi linahitaji kurudiwa, na wakati huo nguzo zinaendelea kuinama. Ndiyo maana sehemu kubwa ya utafiti wa miaka ya karibuni imeelekezwa kwenye kamera nyingi zinazotazama vioo vyote kwa pamoja, ndege ndogo zisizo na rubani zinazopita juu ya uwanja, na programu za kompyuta zinazojifunza tabia ya kila kioo kutokana na picha zake chache.

Sasa pengo hilo liitweje kwa Kiswahili? Suala hili laweza kuonekana dogo, la watu wa kamusi, na kwa hakika ndilo zito kuliko yote yaliyotangulia. Katika elimu ya udhibiti, tofauti kati ya kilichotakiwa na kilichopatikana ndiyo chakula cha mfumo mzima. Pasipo tofauti hakuna amri, mota husimama. Mfumo huishi kwa kuipima tofauti, kuirudisha mwanzoni, na kuitumia kuamua hatua ifuatayo. Lugha za Ulaya hutumia kwa maana hii maneno ambayo kwa matumizi ya kawaida yana maana ya kupotoka au kukosea, na mwalimu anayetafsiri kwa haraka huliita jambo hilo "kosa".

Neno hilo lina mtetezi wake, naye ana hoja. Kitenzi "kukosa" kina maana ya kutofikia, na mwindaji aliyekosa shabaha hakutenda uovu wowote. Lakini nomino imekwenda njia nyingine. Kosa ni la jinai au la madai. Mwenye kosa huomba radhi, hutozwa faini, au huadhibiwa mbele ya wenziwe. Mwanafunzi aliyelelewa na daftari lenye wino mwekundu akiambiwa kuwa mfumo wake "una kosa la sehemu mbili za elfu", silika yake ya kwanza ni kulificha. Ataandika kwenye ripoti kwamba kioo kinalenga vizuri. Na ripoti ya namna hiyo haina thamani, kwa kuwa kile hasa kilichokuwa kinahitajika, yaani ukubwa wa pengo, upande wake na saa yake, kimeondolewa ili aonekane amefaulu. Haya hayatokani na udhaifu wa vijana. Yametokana na neno, na na shule iliyolitumia neno hilo kwa miaka kumi na mbili kabla ya chuo.

"Hitilafu" lina sifa bora. Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ya msingi ni kutofautiana, ambayo ndiyo maana kamili inayotafutwa: vitu viwili, kilichotakiwa na kilichopatikana, vimehitilafiana. Neno hili nalo si safi kabisa. Katika matangazo ya kukatika kwa umeme, hitilafu ni kuharibika kwa mtambo, na msikilizaji hutarajia fundi aje aiondoe. Tofauti iliyoko kwenye heliostati haiondolewi. Hupunguzwa, hujulikana, na huishi pamoja na chombo. "Mchepuko" nalo lingefaa kwa upande wa mwali, ila haliwezi kubeba tofauti ya joto au ya kasi, ambazo nazo ni za elimu hiyohiyo. Hitilafu ingali bora, kwa sharti kwamba mwalimu aifafanue siku ya kwanza.

Kuhusu "mrejesho", neno limekwisha kukubalika, na ofisi zimelichukua kwa pupa kwa maana ya maoni yanayotolewa baada ya warsha. Mrejesho wa aina hiyo, unaofika kazi ikiwa imekwisha na usiobadili kitu, mhandisi asingeuita mrejesho. Na "udhibiti" lina harufu ya mamlaka, ya mtu anayezuia. Inafaa kukumbukwa kwamba Norbert Wiener, alipoipa elimu ya udhibiti na mawasiliano jina mwaka 1948, alikwenda kwa Wagiriki akachukua neno la mshika usukani wa chombo. Mwambao wa Afrika Mashariki ulikuwa na neno hilo, na watu wa kazi hiyo, tangu enzi na enzi. Mshika usukani hanyooshi usukani mara moja akaenda kulala. Hutazama tanga na nyota, huhisi mkondo unavyouvuta mkuki wa chombo, na hurudisha kidogo huku na kidogo kule usiku kucha. Na hakuna nahodha aliyewahi kumlaumu kwa sababu chombo kilichepuka, mradi alikirudisha. Laiti istilahi ya kwanza ingetungwa forodhani badala ya ofisini, huenda elimu nzima ingeitwa usukani.

Hata hivyo tofauti hizi za maneno hazifuti wajibu. Mei 2016 huko Ivanpah baadhi ya vioo vililenga pasipo, miali ikaangukia sehemu ya mnara isiyojengwa kustahimili joto, na moto ukazuka ukaunguza mabomba na nyaya. Hapo mtu ana haki ya kusema "kosa". Mtafiti huijua hatari hii mapema sana katika kazi yake, kwa sababu kioo kilichosimama hakisimamishi mwali. Umeme ukikatika uwanjani, vioo hubaki vilivyo, jua linaendelea na safari yake, na maelfu ya miali huanza kuteleza kwa pamoja, kama mita 2 kila dakika kwa mnara ulio mita 500, ikikiacha kipokezi na kupanda juu ya chochote kilicho kando yake. Ndiyo maana mifumo hii huwekewa umeme wa akiba na amri ya dharura ya kuigeuzia miali hewani mahali pasipo na mtu wala chombo. Hitilafu inayopimwa ni chakula. Ile isiyopimwa ndiyo iliyochoma mnara.

Ipo njia nyingine, na hatua mojawapo ya mwanzo ya njia hiyo ilipigwa Kenya. Mwaka 1986, katika kituo cha misheni kaskazini mwa nchi hiyo, mwanafizikia Wolfgang Scheffler alijenga kioo cha kwanza kilichofanya kazi vizuri miongoni mwa vile ambavyo sasa vinaitwa kwa jina lake, chenye ukubwa wa takriban mita 1.1 kwa 1.5. Alilikwepa tatizo la pembe ya katikati kwa ubunifu wa umbo. Mhimili wa kioo hulazwa sambamba na mhimili wa dunia, na mahali miali inapokutana huwekwa juu ya mhimili huohuo, hivyo kioo huzunguka kwa kasi ileile ya jua, nyuzi 15 kwa saa, bila kubadilika, na moto hubaki mahali pamoja. Mwendo sawa wa namna hiyo hauhitaji kompyuta. Saa ya kimitambo inatosha. Karibu na Ikweta mhimili wa dunia hulala, na kwa hiyo mhimili wa kioo pia hukaribia kuwa sambamba na ardhi, jambo linalorahisisha ujenzi. Kuhama kwa jua kaskazini na kusini kwa majira hushughulikiwa kwa mkono: kila baada ya siku chache mtu hubadili mwinamo wa kioo na kukikunja kidogo umbo lake, akiangalia doa la mwanga kwenye sufuria.

Mtu huyo ndiye mfumo wa udhibiti. Jicho lake ni kihisio, ubao wake mweupe ni tako la sufuria, na mrejesho wake ni maharage yaliyochelewa kuiva. Vioo vya namna hii vimeenea sana nchini India, ambako majiko ya jumuiya za kidini hupikia maelfu ya watu kwa mvuke wake. Wahandisi wa minara mikubwa hawavizungumzii mara kwa mara, na hilo ni hasara yao, kwa kuwa Scheffler alionyesha kwamba sehemu ya hesabu yaweza kuhamishiwa kwenye umbo la chuma, na sehemu nyingine kwa mpishi.

Kwa upande wa minara, mambo hayakwenda kama watafiti walivyotumaini. Bei ya paneli za umeme wa jua ilishuka kwa zaidi ya asilimia 80 baina ya mwaka 2010 na 2020, na paneli haihitaji kulenga chochote. Mtambo wa Crescent Dunes, huko Nevada, ulioanza kuzalisha umeme mwaka 2015 ukiwa na heliostati 10,347, ulisimama mwaka 2016 kwa sababu ya tangi la chumvi iliyoyeyushwa kuvuja, na mwaka 2019 mkataba wake wa kuuza umeme ukavunjwa. Ni vyema kuona kwamba tangi ndilo lililovuja, vioo havikuhusika. Lakini wanaotoa fedha hawatenganishi. Mtu aliyetumia miaka ishirini kuipunguza hitilafu ya kioo kutoka sehemu tatu za elfu hadi moja hujikuta akiulizwa na mkuu wa idara kwa nini asihamie kwenye betri.

Jibu lake la kawaida ni joto. Chumvi iliyopashwa hadi nyuzi 565 hulihifadhi jua la mchana kwa ajili ya usiku, na viwanda vya saruji, chokaa na kemikali vinahitaji joto lenyewe zaidi ya umeme. Jibu hilo ni la kweli, ila lina sharti: heliostati lazima ziwe rahisi, kwani uwanja wa vioo hula kati ya theluthi moja na nusu ya gharama za mtambo mzima. Na hapa ndipo hitilafu inaporudi kwa sura ya kiuchumi. Katikati ya miaka ya 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stellenbosch, Afrika Kusini, walijenga uwanja wa majaribio uitwao Helio100, wenye heliostati ndogo za mita 2.2 za mraba kila moja, zilizofungwa sita sita kwenye fremu moja, ambazo huwekwa tu juu ya ardhi. Hakuna shimo lililochimbwa wala zege lililomwagwa, na ardhi haikusawazishwa. Mtaalamu wa kizazi cha Odeillo angeona jambo hilo kuwa uzembe, maana fremu ya namna hiyo lazima itakaa upogo. Watafiti walijua kuwa itakaa upogo. Walikuwa wamekokotoa kwamba kuupima upogo kwa kamera na kuusahihisha kwa programu ni nafuu kuliko kuuzuia kwa saruji, na kwamba wafanyakazi wachache wasio na mashine kubwa wanaweza kuubeba na kuuweka uwanja mzima kwa mikono yao.